Makali ya kale Katavi yasiishie kwenye mizani ya chuma chakavu

Mkulima wa Kata ya Kakese, Manispaa ya Mpanda, anayekuta bapa la mkuki wa babu yake darini hana sababu ya kulitofautisha na jembe lililovunjika, iwapo mnunuzi wa chuma chakavu anakuja na mizani tu. Mistari iliyochanjwa juu yake haiongezi bei hata senti moja.

Hasara hiyo si ndogo kama inavyodhaniwa. Jirani na Katavi, Wafipa walijenga matanuru ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, ndipo kikamfikia mhunzi. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipotawala soko. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Waluba wa Kongo walichanja nakshi kwenye mashoka ya watawala, ambayo hayakuwa ya kupasulia kuni bali ya kutangaza cheo. Kwa kuwa vyuma vilisafiri na biashara, nakshi ya bapa yaweza kusaidia kujua lilikotoka.

Indonesia imelielewa jambo hili. Kisu chake cha keris, ambacho tabaka za chuma na nikeli hufuliwa pamoja hadi zikaacha ruwaza iitwayo pamor, kilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Makali ya Katavi hayana umaarufu huo, wala si lazima yawe nao ndipo yatunzwe.

Sheria ipo. Ile ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na haikuvisahau vya baadaye vyenye matumizi ya kijamii na kitamaduni. Tatizo ni kwamba biashara hufanyika mlangoni mwa mkulima, na sheria haifiki hapo. Kumtaka aache fedha bila kumpa chochote ni kujidanganya; makumbusho yakilihitaji bapa, hayana budi kulipa zaidi ya mnunuzi wa chakavu.

Kabla ya hapo, ofisa utamaduni anaweza kulipiga picha, kulipima na kuandika maelezo ya mwenye mali. Wazee wanaojua lipi lilikuwa la vita na lipi la tambiko wanazidi kupungua, na bapa lililokwisha kuyeyushwa haliwezi kupelekwa mbele yao.