Saini ya Kompyuta na Kufuli Lisilojaribiwa

Mkulima wa mdalasini wa Matombo, katika milima ya Uluguru, akikubaliana bei na mnunuzi wa Unguja, mkataba wao unaweza leo kuvuka bahari kwa dakika moja. Lakini zipo ofisi ambazo bado hutaka karatasi hiyo ichapwe, ibebwe kwa gari hadi Morogoro mjini, igongwe muhuri, kisha ipigwe picha na kurudishwa kwenye simu ilikotoka. Nauli ya mzunguko huo hulipwa na mkulima.

Sheria haikuagiza hivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki iliyo salama, yaani ile inayomtambulisha mwenyewe, iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na iliyofungamana na waraka hata ukibadilishwa ijulikane. Ndugu zetu maofisa wafahamu kuwa picha ya saini iliyobandikwa chini ya barua siyo hiyo; picha hunakiliwa na yeyote. Saini tunayoisema hutiwa kwa ufunguo wa siri alionao mwenyewe, na huhakikiwa kwa ufunguo mwingine ulio wazi kwa watu wote. Shilingi elfu tatu zikigeuzwa elfu mbili, uhakiki hukataa papo hapo. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa mapema kwamba deni huandikwa na mashahidi huwekwa. Hapa shahidi ni hesabu.

Hata hivyo shahidi naye huhojiwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, katika Jamhuri ya Cheki, walishiriki kugundua kasoro ndani ya vitambulisho ambavyo raia wa Estonia hutia navyo saini: ufunguo wa siri uliweza kukokotolewa kutokana na ule wa wazi. Serikali ya Estonia haikuificha habari hiyo. Iliwatangazia wananchi, na mwezi Novemba ikasimamisha vyeti vya vitambulisho vipatavyo 760,000 mpaka virekebishwe.

Wenzetu wamefika mbali zaidi, kwani wameufanya udukuzi kuwa mashindano. Katika yale ya Pwn2Own, yaliyoanza Vancouver, Kanada, mwaka 2007, anayefaulu kuvunja ulinzi wa kompyuta hupewa zawadi, na kasoro aliyoiona hukabidhiwa mtengenezaji aizibe kabla mwizi hajaijua.

Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na ni haki ikataze. Lakini ruhusa ni kitu kinachoweza kutolewa! Vijana wanaosomea kompyuta wapo Sokoine na Mzumbe, hapa hapa chini ya milima, na wapo Visiwani. Wapewe nakala ya mfumo wa kutia saini, yenye mikataba ya kubuni, wapewe barua ya ruhusa na siku tatu za kushindana, na maofisa wenye mfumo wakae chumba hicho hicho. Ofisa anayeona haya mfumo wake ukivunjwa na mwanafunzi mbele ya macho yake atafakari ni nani mwingine angeuvunja, na saa ngapi za usiku.

Tunaomba mashindano ya kwanza yafanyike Morogoro, kabla ofisi yoyote haijamwambia mkulima wa Matombo aache muhuri wake nyumbani.