Kabla Ulale kwa Wabatwa, Uliza Hiyo Doo Inaenda kwa Nani

Kila wiki TikTok inaniletea video moja ya mtalii akicheza ngoma na Wabatwa kule kusini magharibi mwa Uganda. Moto umewashwa kwa vijiti, watu wamevaa ngozi, na chini imeandikwa "watu wanaoishi msituni."

Manze, hawaishi msituni. Walitolewa.

Mwaka wa 1991 serikali ya Uganda iligeuza Bwindi na Mgahinga kuwa mbuga za kitaifa ili gorila wa milimani walindwe. Wabatwa walikuwa wanategemea msitu huo kwa kila kitu: asali, nyama, dawa. Mkulima angalau ana shamba la kuonyesha akidai fidia. Mtu aliyeishi kwa kuwinda na kurina asali ataonyesha nini? Leo wengi wao hawana ardhi, wanafanya vibarua kwa mashamba ya wenyewe. Kuona gorila nao, saa moja tu, mgeni wa kutoka ng'ambo analipa dola 800.

Sasa kuna matembezi huko Mgahinga. Mzee anaingia msitu wa kwao akiwa na wageni na askari wa mbuga, anawaonyesha vile walikuwa wanawinda, watu wanaimba ndani ya pango la Garama, halafu wote wanatoka nje. Mgeni anarudi loji. Mzee anarudi kwa shamba la mtu.

Kuna wasee wanasema basi tusiende kabisa, eti tunageuza binadamu maonyesho. Mimi sikubali. Hiyo ni kazi, na ni nafasi ya mzee kumwonyesha kijana wake mti gani ni dawa wakiwa msituni penyewe. Mahakama ya Kikatiba ya Uganda ilisema mwaka wa 2021 kwamba Wabatwa walitolewa bila fidia ya kutosha, lakini uamuzi wa korti haupiki ugali. (Na tusiwacheke majirani. Ogiek wetu walishinda kesi Arusha mwaka wa 2017, na Novemba 2023 nyumba zao zilikuwa zinabomolewa Mau.)

Kwa hivyo enda. Mkenya anavuka mpaka na kitambulisho tu. Lakini kabla utume pesa, uliza kampuni: kwa hii bei, ngapi inafika kwa Wabatwa, na nani anaipokea mkononi? Wakianza hadithi za "kusaidia jamii" bila kutaja kiasi, tafuta wengine. Uliza kama anayewaongoza ni Mbatwa mwenyewe. Ukipata nafasi ya kulala kwao, lipa mwenye nyumba, kula chenye wanakula, na simu ikae mfukoni hadi uambiwe sawa. Kikapu usikibishanie bei, wewe mwenye hununua kahawa ya mia nne tauni bila kulalamika.

Na usimwambie mtu avae ngozi ndio picha itoke poa. Siku za kawaida anavaa jinzi, kama wewe.