Kudra ya Mungu Isiwe Pazia la Uzembe Wetu



Kila masika yakiingia na maji yakijaa majumbani, kuna neno moja tunalisema haraka: "Ni kudra ya Mwenyezi Mungu." Kisha tunanyamaza. Neno ni la kweli, na hatumwambii mtu aliache. Lakini sisi tuliopitia mafuriko ya Houston mwaka 2017 tumejifunza kwamba kuna anayelisema kwa imani, na kuna anayelisema ili asiulizwe. Leo tunataka tuwatenganishe hawa wawili.

Tulikuwa wanawake watatu wa kisiwani, tunaishi magharibi ya jiji, karibu na mto unaoitwa Buffalo Bayou. Tulikuwa na chumba kimoja cha kushonea katika nyumba ya kupanga, chini. Idi ya kuchinja ilikuwa Ijumaa ya tarehe 1 Septemba, kwa hiyo Agosti nzima tulikuwa hatulali: magauni, kanzu za watoto, mabuibui ya kutia nakshi. Wateja wengi walishalipa nusu, na nusu hiyo tulishainunulia vitambaa.

Kimbunga Harvey kilipiga pwani ya Texas usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti, karibu na mji wa Rockport, kikiwa cha daraja la nne. Rockport ni mbali na Houston, na upepo wake kweli haukutufanya kitu. Balaa ni kwamba kimbunga kile hakikupita. Kilikaa siku kadhaa kikizunguka hapo hapo, kikivuta maji ya Ghuba ya Mexico na kutumwagia. Katika mji wa Nederland, mashariki ya Houston, ilipimwa mvua ya zaidi ya milimita 1,500. Ukiisimamisha mvua hiyo, inampita mtu mzima kifuani. Ni kama mvua ya mwaka mzima wa Unguja ishuke kwa siku chache.

Mpaka leo tunaulizwa, "Kwa nini hamkuhama?" Meya hakuamuru watu wahame, na alikuwa na sababu. Mwaka 2005, kilipokuja kimbunga Rita, watu walitoka wote kwa pamoja, barabara zikaziba kwa maili na maili, joto likawa kali, na wengi wakafia njiani. Basi moja lililobeba wazee liliwaka moto wakafa watu 23. Kwa hiyo tunaomba anayetuuliza swali hilo kwa sauti ya lawama apunguze. Kuhama kwa mamilioni ya watu si kufunga begi.

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ndio uliokuwa mbaya. Mitaa ya wenzetu ilizama. Kwetu maji yalifika kizingitini yakasimama. Tukasali, tukashukuru, tukapika chai, tukarudi kwenye cherehani.

Hatukujua kuwa juu yetu kulikuwa na mabwawa mawili, Addicks na Barker. Yalijengwa miaka ya 1940 na wahandisi wa jeshi, baada ya mafuriko ya 1929 na 1935, ili yalinde jiji. Siku za kawaida hayana maji. Ni majani na viwanja vya kuchezea. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 28, yalikuwa yamejaa kiasi cha kuogopwa, wahandisi wakaanza kuyafungulia kidogo kidogo yateremke kwenye Buffalo Bayou. Ndiyo maji yaliyotufika sisi. Yalikuja mvua imeshaanza kupungua, wakati tunaambiana, "Alhamdulillah, tumepona." Yalipita chini ya mlango, yakapanda kwenye choo, yakawa vifundoni, kisha magotini, na yananuka mafuta na uchafu.

Tulinyanyua nini? Vyerehani tukaviweka juu ya meza. Vitambaa tukavipandisha juu ya kabati. Magauni ya Idi tukayatia kwenye mifuko ya plastiki tukayafunga. Mwanamume mmoja tusiyemjua akaja na boti yake ya kuvulia samaki, akatuambia tuchukue tunachoweza kukipakata. Tukachukua watoto na mifuko ya magauni, kwa sababu amana ya mtu ni amana. Pasipoti, vyeti vya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na mkataba wa nyumba vyote vilibaki katika mtoto wa kabati wa chini kabisa. Hakuna aliyevikumbuka.

Misikiti kadhaa ilifungua milango kwa kila mtu, awe Muislamu au si Muislamu. Tulilala humo. Ukumbi mkubwa wa mikutano wa katikati ya jiji ulikuwa na watu kama 10,000. Asubuhi ya Idi tulikabidhi magauni tuliyoyaokoa, mengine bila ya vifungo, na wenyewe wakayavaa hivyo hivyo wakitucheka. Sisi tuliswali na nguo za sadaka. Hatujapata kuswali Idi nyingine kwa machozi kama yale.

Sasa tuje kwenye neno letu. Siku zile tulimsikia mzungumzaji mmoja akisema kimbunga kile ni adhabu kwa watu wa mji ule. Dada zetu, maji yale yaliingia katika vilabu vya pombe, yakaingia makanisani, yakaingia misikitini, yakaingia kwa bibi wa pembeni yetu aliyekuwa haamki kitandani. Nani katupa sisi elimu ya ghaibu tujue nani anaadhibiwa na nani anapandishwa daraja? Anayesema hivyo humuumiza aliyefikwa mara ya pili.

Lakini na upande wa pili pia kuna kosa. Mvua ni ya Mungu. Nyumba kujengwa ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa lazima lizame ni ya nani? Nyuma ya mabwawa yale walijenga mitaa mizima, na wanunuzi wengi hawakujua wananunua nini. Disemba 2019 jaji wa mahakama ya madai ya serikali kuu aliamua kwamba serikali inawajibika kwa nyumba zilizozama nyuma ya mabwawa. Lau kama wenyewe wangesema "ni kudra" wakakaa kimya, nani angeuliza? Na Agosti 25, 2018, mwaka mmoja kamili tangu kimbunga kipige, wapiga kura wa wilaya ya Harris walikubali mkopo wa dola bilioni 2.5 wa kazi za kuzuia mafuriko. Hao ni watu waliofikwa, wakakubali, kisha wakashika koleo.

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache amtegemee Mungu. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi hatukumfunga ngamia. Tunasema bila ya kuona haya, ili wewe umfunge wako.

La kwanza, hatukuuliza ardhi. Tulipanga nyumba ile kwa kutazama jiko na bei. Hatukumuuliza mwenye nyumba, na yeye hakutwambia, maji yakija hupita wapi. Dada anayenunua kiwanja, iwe Houston au Unguja, aende akakitazame wakati wa masika, si wakati wa kaskazi. Amuulize mzee wa mtaa, asimuulize dalali.

La pili, karatasi. Tulipofika kuomba msaada, hatukuulizwa tunashona vizuri kiasi gani. Tuliulizwa tuna nini cha kuthibitisha kuwa tunaishi pale na watoto ni wetu. Mwenzetu mmoja ilimchukua karibu mwaka kupata vyeti vyake upya. Wanawake sisi tunajua dhahabu iko wapi hata gizani. Vyeti navyo viwe katika mfuko mmoja usiopenya maji, pahala pa juu, na picha zake ziwe kwenye simu ya mtu wa mbali unayemwamini.

La tatu, akiba. Kule Marekani bima ya kawaida ya nyumba haiingizi mafuriko. Ile ya mafuriko hununuliwa peke yake, na kwa kawaida husubiri siku 30 ndipo ifanye kazi, kwa hiyo hununui kimbunga kikiwa kimeshaonekana baharini. Wengi waliozama hawakuwa nayo, na sisi tukiwemo. Kuna dada walitwambia bima si tawakali. Hukumu yake tunawaachia masheikh, nao wana maneno yao. Lakini tuwe wakweli: sisi hatukuikosa kwa ucha Mungu. Tuliikosa kwa kutojua na kwa kubana senti. Kilichotuinua ni upatu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili kwenye mchezo ule, na zamu ya mwezi huo ilikuwa ya mwingine. Akasema, "Wapeni wao, mimi nitangoja." Kwa pesa hizo tukanunua cherehani moja na kurudisha amana za wateja. Kama huna bima, basi kuwa na watu, na uwe mtu wa watu kabla ya maji kuja.

Atakuwepo atakayesema tunawalaumu waliofikwa. Hapana. Mtihani ni mtihani, na anayezama hastahili hotuba. Anastahili boti, nguo kavu na chakula cha moto. Maswali haya ni ya siku ya jua, wakati bado tuna nafasi. Ndiyo maana tunayaandika leo, kabla ya mvua.

Semeni "ni kudra ya Mungu." Na sisi tunasema. Kisha nendeni mkafunge karatasi zenu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa maji, awalipe waliotuokoa bila ya kutujua, na atujaalie mvua za kheri. Amin.