Fundi Asiwe Ghali

Kila mwisho wa mwezi, watu wakihama na wengine wakiingia, kwenye grupu la WhatsApp la ploti yetu huku Roysambu hutua ujumbe ule ule: "Wasee, nani ako na namba ya fundi wa kapeti? Asiwe ghali."

Hakuna anayeuliza kama fundi anajua kazi. Hakuna anayesema asiache mshono katikati ya sebule, au asimwage gundi kwenye ukuta uliopakwa rangi juzi. Sharti ni moja tu. Na mara nyingi anayeliandika ni mtu aliyenunua televisheni ya inchi 55 kwa bei iliyobandikwa, akalipa, akasema asante.

Nimechoka na sharti hilo. Nataka kulipinga, na nitaanzia sakafuni, kwa hesabu, kwa sababu dharau yetu kwa fundi imesimama juu ya hesabu ambayo wengi wetu hatujawahi kuipiga.

Chukua chumba cha mita 3.6 kwa mita 4.2. Ukizidisha unapata mita mraba 15.12. Unataka mkeka wa mbao, ule ulioenea kila keja Nairobi miaka hii. Fundi anakuja na tepu yake, anapima, anakuambia ununue mita mraba 16.8. Hapo damu inapanda. Ananiona mjinga huyu. Unampigia rafiki yako, naye, bila kukiona chumba, anathibitisha kwa simu kwamba mafundi wote ni wezi.

Lakini mkeka wa mbao haupimwi kama sukari. Unatoka kwenye roli, na roli ina upana wake. Kama ni roli ya mita 2, chumba cha upana wa 3.6 kinataka vipande viwili, kila kimoja kirefu mita 4.2. Kipande kimoja ni mita mraba 8.4. Viwili ni 16.8. Hakuna aliyekuibia. Ule ukanda wa sentimita 40 unaobaki ni wako, utandike jikoni chini ya meko ukitaka.

Sasa geuza. Vipande vilazwe upande ule mwingine. Upana wa kufunika sasa ni 4.2, viwili havitoshi, inabidi vitatu vya mita 3.6. Hiyo ni mita mraba 21.6, na mishono miwili badala ya mmoja. Tofauti ni mita mraba 4.8. Tuseme mita mraba moja ni shilingi 1,500: hapo umetupa shilingi 7,200, na sebule yako ina mstari mwingine wa kushika uchafu. Fundi anayejua huamua jambo hili akiwa amesimama mlangoni, hata kabla hajavua viatu. Kisha akisema kazi yake ni 3,500, unamwambia, "Fundi, si hii ni ya nusu saa tu? Chukua 2,000."

Kwani unadhani ile nusu saa ilitoka wapi?

Ukija kwa kapeti ya ukuta kwa ukuta, mambo ni mazito zaidi. Manyoya ya kapeti hulala upande mmoja. Ukiunganisha vipande viwili ambavyo manyoya yake yanaangaliana vibaya, asubuhi jua likiingia dirishani utaona rangi mbili, ilhali roli ilikuwa moja. Chini inatakiwa sponji, na sponji yenyewe isikutanishe mishono yake na mishono ya kapeti. Ukingoni mwa ukuta hupigiliwa vijiti vyembamba vyenye misumari inayochungulia juu, na kapeti inavutwa mpaka ing'ate misumari hiyo. Kuivuta kuna chombo chake: chuma chenye meno upande mmoja, mto upande mwingine. Fundi anapiga ule mto kwa goti. Anasogea kidogo, anapiga tena. Anazunguka chumba kizima hivyo. Siku moja nilijaribu kuhesabu mapigo nikiwa nimeegemea mlango na kikombe cha chai. Niliacha hata ukuta wa kwanza haujaisha.

Huko Marekani, taasisi ya usalama wa kazi inayoitwa NIOSH ilitoa onyo mwaka 1990 kuhusu magoti ya mafundi wa kapeti peke yao, kwa sababu ya chombo hicho hicho na kupiga magoti kutwa nzima. Hapa kwetu fundi akiinuka huku ameshika kiuno, tunasema ni mzee.

Na kuna kazi isiyoonekana kabisa: kukataa. Nyumba nyingi za mjini zinaingiwa na wapangaji kabla simiti haijakauka vizuri. Fundi mzuri anabandika kipande cha plastiki sakafuni, anakifunga kingo zote kwa selotepu, anakiacha hadi kesho. Akikuta matone ya maji chini yake anakuambia ungoje. Hiyo ni siku ya kazi anaipoteza kwa ajili yako. Yule "asiye ghali" hatapima. Ataweka, atalipwa, na baada ya masika utaanza kusikia harufu ambayo hujui inatoka wapi.

Sasa nije kwa jambo linaloniudhi hasa. Ukimwambia mtu wa rika letu kwamba fundi wa stejini anataka 3,500, anacheka. Lakini kuna kurasa za Instagram zenye picha safi, muziki wa taratibu, sebule moja iliyorudiwa pembe kumi, na maneno "bei njoo inboksi". Huko hatupatani bei. Rafiki yangu anayekaa Ruaka alilipa ukurasa mmoja wa aina hiyo shilingi 9,000 za ufundi peke yake, mbali na mkeka. Siku ya kazi akafika jamaa ninayemfahamu. Ni fundi wa stejini kwetu, huwa anakaa karibu na muuza mahindi, begi lake la vifaa likiwa kati ya miguu. Nilimuuliza baadaye wamempa ngapi. Alilipwa 1,800, na nauli ilikuwa juu yake.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba hatuna pesa. Pesa tulikuwa nazo, 9,000 taslimu kwa M-Pesa, kabla kazi haijaanza. Tunachokataa ni kuzitia mkononi mwa mtu mwenye vumbi kwenye suruali. Tukiona nembo na fulana zenye maandishi, tunaita biashara. Tukimwona mtu yule yule bila fulana, tunaita mazungumzo.

Nitaambiwa: lakini ukurasa una dhamana, mambo yakiharibika una pa kulalamikia. Haya. Mkeka wa rafiki yangu ulianza kuinuka mlangoni baada ya wiki tatu. Aliandika, akasomwa, hakujibiwa. Fundi ndiye aliyerudi kuubandika, kwa sababu nilimwambia tukiwa stejini tu. Alirudi kwa sababu anapita pale kila siku, na mimi pia napita. Hakuna mkataba mkali kuliko kujulikana mtaani.

Sisemi mafundi ni malaika. Najua habari za fundi aliyechukua nusu ya pesa akazima simu. Najua ile "niko njiani" inayosemwa mtu akiwa bado kitandani. Na kuna anayekupigia msumari pahali pa gundi kwa sababu gundi ilimwishia kwa kazi ya jana. Mtu kama huyo asilipwe, na asipewe namba yake na mtu yeyote. Lakini tuulize pia mbona fundi mmoja anashika kazi tatu kwa siku moja, halafu anafika kwako saa tisa akiwa ameahidi saa tatu. Kazi iliyopunguzwa mpaka 2,000, ukitoa nauli, gundi ya nyongeza, wembe wa kisu na kijana wa kumshikia roli, haijazi siku. Inabidi atafute ya pili. Mbona anataka pesa za kwanza? Kwa sababu kuna wateja, na ni wengi kuliko tunavyokiri, ambao kazi ikiisha wanasema "nitakutumia jioni", na jioni hiyo haifiki. Yeye hana ukurasa wa kuwaanika. Sisi ndio tuna simu, tuna wafuasi, tuna lugha, kwa hiyo hadithi zote za fundi unazozisoma mtandaoni zimeandikwa na upande mmoja.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani jina "sekta isiyo rasmi". Zaidi ya miaka hamsini baadaye, ripoti za uchumi za KNBS bado zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira zilizo nje ya kilimo cha wakulima wadogo ziko huko. Yaani fundi wa stejini ndiye mfanyakazi wa kawaida wa nchi hii. Mimi na wewe wenye hati za mshahara ndio wachache. Halafu tunamwita "isiyo rasmi" mtu anayepima kwa milimita, na sisi tunaolipa kwa ahadi tunajiita wateja wenye nidhamu.

Basi ukihitaji fundi, tafuta wa karibu, na uanze mapema, si siku ambayo lori la kuhama liko nje linapiga honi. Usimwombe picha. Picha hata mimi ninazo. Mwombe akupeleke kwenye nyumba moja aliyotandika mwaka mmoja uliopita, uangalie mlangoni na kwenye kona, kwa maana katikati ya chumba hata asiyejua anaweza. Mwache apime kwanza, ndipo muende dukani, na kama Eastleigh iko mbali nawe lipa nauli yake, kwa sababu ataiona roli yenye kasoro ambayo wewe ungebeba ukifurahia rangi. Risiti ya vifaa ishike wewe. Bei ya kazi iwe peke yake, isichanganywe na ya vifaa, maana pale zinapochanganyika ndipo kila mtu huanza kumshuku mwenzake. Mwandikie WhatsApp: chumba hiki, siku hii, pesa hizi, nusu sasa na nusu kazi ikiisha. Ujumbe huo ni ushahidi kwa nyinyi wawili. Tangu 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza pale Milimani, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Watu huitaja wakimtisha fundi. Hata fundi anaweza kukupeleka.

Na ile nusu ya pili itume akiwa bado mlangoni anakusanya vifaa. Usingoje jioni.

Wiki jana ujumbe uliingia tena kwenye grupu, mpangaji mpya wa ghorofa ya nne, asiwe ghali. Nilimjibu kwamba ninaye mmoja. Chumba kama kile cha mita 3.6 kwa 4.2 anatoza 3,500, fanicha unahamisha mwenyewe, Jumapili hafanyi. Akaandika, "Bei ya mwisho?" Nikamwandikia kwamba hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho, na kwamba namba sitatuma kwa anayeuliza hivyo.

Bado hajajibu. Roli yake nimeiona imeegemezwa kwenye ngazi, imepigwa na mvua kidogo upande mmoja.