Nani Atalipia Mikataba ya Umeme?

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea daftari alimonakili ujumbe wa tokeni ambazo mamake alizinunua kwao Kawangware. "Mwalimu," akaniuliza, "ulitufunza kwamba sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Upepo haununuliwi. Mbona basi stima ni ghali?" Nilimwomba anipe muda, na jibu nililolipata halikunifurahisha.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba hadi katikati ya miaka ya tisini, kuzalisha umeme ilikuwa kazi ya serikali. Kisha ikaja Sheria ya Nguvu za Umeme ya mwaka 1997, na kampuni za kibinafsi, Iberafrica hapa Nairobi na Westmont kule Mombasa zikiwa miongoni mwa zile za kwanza, zikaanza kutuuzia umeme wa mafuta. Sina haja ya kuwasuta waliotia sahihi. Nchi ilikuwa na upungufu, na ukame wa 1999 na 2000 ulituletea mgao wa umeme. Mwenye njaa hana miiko.

Lakini mkataba wa namna hiyo ni kama kukodi matatu kwa mwezi mzima: utalipa ikiwa imebeba abiria, na utalipa ikiwa imelala Kangemi. Kampuni hulipwa kwa kuwa mtambo wake uko tayari. Hata kawi safi haikutuepusha na mzigo huu. Kule Loiyangalani minara 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimamishwa yote kufikia 2017, ilhali nyaya za kufikisha umeme wake Suswa zilikamilika Septemba 2018. Serikali ikalazimika kulipa fidia ya mabilioni kwa umeme usiofika popote. Nako Olkaria, usiku wa manane watu wanapolala, mvuke huachiliwa angani kwa kukosa wa kuutumia. Jioni yake, watu walipokuwa wakipika na kutazama taarifa ya habari, mitambo ya mafuta ilikuwa ikinguruma.

Sasa, msomaji, fuata nami barabara ya Gitanga kutoka Lavington hadi Kawangware. Upande wa juu, mapaa yanazidi kuvikwa sola. Siwalaumu wenye nyumba hizo. Nami ningekuwa na uwezo ningefanya vivyo hivyo. Ila kila wanapopunguza kununua umeme wa gridi, gharama za mikataba hazipungui hata senti. Hugawanywa upya miongoni mwa waliobaki, na waliobaki ni akina mama yule wa tokeni, ambao tangu Aprili 2023 nafuu ya bei yao hukoma kwenye uniti 30 kwa mwezi, ilhali awali ilikuwa 100.

Jopokazi lililoongozwa na John Ngumi mwaka 2021 lilipendekeza bei za mikataba zipunguzwe. Januari 2022 bei ya umeme ikashushwa kwa asilimia 15, na nafuu hiyo haikudumu. Kwa maoni yangu, mikataba yote ichapishwe, bei na muda wake, ili raia aisome kabla ya mingine kutiwa sahihi. Na anayebakiza waya wa gridi kwa ajili ya siku za mawingu alipie utayari wa waya huo. Najua baadhi ya walimu wenzangu waliokwisha kuweka sola hawatanishukuru kwa neno hili.

Jumatatu nitaandika ujumbe ule ubaoni. Wanafunzi wataona tozo ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, ushuru wa asilimia 5 wa umeme vijijini, na ushuru wa thamani wa asilimia 16. Kisha nitawaomba wanionyeshe mstari wa malipo ya mitambo iliyolala. Haumo, umefichwa ndani ya bei ya uniti yenyewe.