Vumbi Lililofyonzwa Lisirudi Chumbani

Ukiwasha mashine ya kufyonza vumbi, na baada ya dakika chache chumba kikajaa harufu ya vumbi, iamini pua yako. Huenda unachonusa ni vumbi lenyewe, lile jepesi kuliko yote, ambalo mashine imelivuta kwa mbele na kulitema kwa nyuma. Sakafu inapendeza machoni, huku waliomo chumbani wakivuta kifuani kile kilichokuwa kimelala chini kimetulia.

Ndugu msomaji, wito huu unahusu sehemu hiyo ya nyuma. Tukienda dukani kununua mashine hizi, tunauliza ina wati ngapi, tunaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba tuone inavyovuta, kisha tunapatana bei. Ni wachache wanaopeleka mkono kule hewa inakotokea. Naomba tuanze kuulizia hewa hiyo, kwa sababu ndiyo tunayobaki nayo ndani baada ya mashine kuzimwa na kurudishwa kabatini.

Zamani vifaa hivi tuliviona hotelini na kwenye ofisi kubwa. Leo vimo katika nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Vimo misikitini na makanisani palipotandikwa zulia kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye sehemu za kuoshea magari. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, ambako mchanga hupenya hata dirisha likifungwa, huviwasha karibu kila siku. Kwa hiyo ubora wa chujio, au filta kama mafundi wanavyoiita, ni jambo la afya ya watu wengi.

Tena mmoja wa watu waliobuni kifaa hiki alisukumwa na mapafu yake mwenyewe. Mwaka 1901, huko London, mhandisi Hubert Cecil Booth alitazama maonyesho ya mashine iliyopuliza vumbi badala ya kulivuta. Akaona haifai. Alipokuwa mgahawani akaweka kitambaa cha mkononi juu ya kiti, akakibandika mdomo na kuvuta pumzi kwa nguvu. Nusura apaliwe, lakini upande wa chini wa kitambaa ulikuwa mweusi kwa vumbi. Miaka michache baadaye, mwaka 1907, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, James Murray Spangler alikuwa akifagia na kusafisha duka kubwa. Alikuwa na pumu, na vumbi la mazulia lilimtesa. Akaunganisha mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akapata mashine ambayo mtu mmoja aliweza kuisukuma. Mwaka 1908 alipewa hataza, na biashara hiyo ikaingia mikononi mwa familia ya Hoover, ambayo jina lake lilienea duniani kote.

Katika majaribio yote mawili, kitambaa kilichozuia vumbi ndicho kilichobeba kazi. Tangu hapo mota zimeongezwa nguvu mara nyingi, lakini mashine nyingi za bei nafuu bado zinategemea kipande cha sponji na kitambaa kisicho bora sana kuliko foronya ya Spangler. Mota kubwa nyuma ya chujio dhaifu hurusha vumbi mbali zaidi, na upepo wake hutimua hata lile lililokuwa chini ya kochi.

Tuangalie ukubwa wa vitu tunavyozungumzia. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Kinyesi cha utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaopenda godoro na zulia penye unyevu kama Pwani, huwa na mikromita kati ya 10 na 40. Chembe za namna hiyo hutua upesi, na kitambaa kizuri hunasa nyingi kati yake. Shida ni zile ndogo: masizi ya mkaa na mafuta ya taa, moshi wa magari uliopenya dirishani, vipande vya vumbi vilivyosagika kwa kukanyagwa. Zenye upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo hupita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu, na huelea hewani kwa saa nyingi. Kwa chembe hizo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Miji yetu tayari imelemewa na moshi wa barabarani na wa majiko. Hakuna sababu ya kuongeza mzigo huo kwa kifaa tulichokinunua ili kusafisha.

Dawa yake inajulikana. Katika Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa mradi wa bomu la nyuklia nchini Marekani walihitaji chujio la kuzuia vumbi lenye mionzi lisitoke nje. Teknolojia waliyoiendeleza ndiyo tunayoijua leo kwa jina la HEPA: karatasi ya nyuzi nyembamba, aghalabu za kioo, iliyokunjwakunjwa ili ipate eneo kubwa mahali padogo. Kwa kipimo cha Marekani, chujio la HEPA halina budi kunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Kwa kipimo cha Ulaya, daraja la H13 hunasa angalau asilimia 99.95 ya chembe zenye ukubwa ulio mgumu zaidi kunaswa. Msomaji atauliza: na zilizo ndogo kuliko hizo je? Ajabu ni kwamba hizo hunaswa kwa urahisi zaidi. Chembe kubwa huenda moja kwa moja na kugonga nyuzi. Zile ndogo mno husukumwa huku na kule na molekuli za hewa, zikayumba mpaka zigusane na uzi na kuganda. Zinazosumbua ni za katikati, na ndiyo maana chujio hupimwa kwa hizo.

Hata hivyo, neno HEPA lililoandikwa kwenye boksi halitoshi. Hewa hufuata njia nyepesi. Mpira unaozunguka chujio ukipasuka, au kifuniko kikilegea, vumbi litapita pembeni bila kuligusa chujio. Chujio bora ndani ya mashine inayovuja ni mlango wa chuma kwenye nyumba ya makuti. Kwa hiyo tuitazame mashine nzima: mfuko au tangi, chujio linalolinda mota, mota yenyewe, chujio la kutolea hewa, na mipira yote ya kuziba. Mota nyingi za mashine hizi zina burashi za kaboni, ambazo zikisuguana hutoa unga mweusi mwembamba. Bila chujio la mwisho, unga huo nao huingia chumbani.

Umoja wa Ulaya ulilitungia jambo hili sheria mwaka 2013. Kuanzia Septemba 2014, mashine mpya za nyumbani hazikuruhusiwa kuzidi wati 1,600. Kuanzia Septemba 2017 kikomo kikashushwa hadi wati 900, na vumbi linalorudi hewani lisizidi asilimia 1. Wenye viwanda walizingatia masharti hayo na mazulia ya Ulaya yakaendelea kusafishwa, ushahidi tosha kwamba wati ni umeme unaoliwa na wala si usafi unaopatikana. Lebo ya madaraja iliyoambatana na masharti hayo ilifutwa na mahakama ya Umoja huo Novemba 2018, kwa sababu upimaji ulifanywa mfuko ukiwa mtupu, ilhali nyumbani mashine hutumika ikiwa na vumbi ndani. Hilo ni somo kwetu kabla hatujaandika viwango vyetu.

Sasa naomba kila mmoja achukue sehemu yake.

Wewe unayekwenda kununua, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwa muuza mitumba iliyotoka Dubai, uliza mambo matatu. Je, kuna chujio pale hewa inapotokea, au ni sponji tu? Je, daraja lake limeandikwa, kwa mfano H13, au boksi linajisifu tu kuwa ni la "aina ya HEPA"? Je, chujio na mifuko ya akiba vinapatikana hapa mjini? Kisha omba iwashwe mahali penye giza kidogo, umulike tochi kwa ubavu pale hewa inapotoka. Ukiona vumbi likicheza kwenye mwanga, ujue lile usiloliona ni jingi zaidi. Mwenye mgonjwa wa pumu au mzio nyumbani apendelee mashine ya mfuko, kwa sababu vumbi hutupwa nje likiwa limefungwa. Ile ya tangi humtimulia vumbi usoni anayeimwaga.

Wewe ambaye tayari unayo, ifungue wiki hii uikague. Usingoje mfuko ufurike. Ukifika theluthi mbili, ubadilishe. Osha chujio pale tu lilipoandikwa kwamba linaoshwa, na lisirudishwe hadi likauke kabisa, maana chujio bichi kwenye joto la Pwani huota ukungu. Tangi limwagwe nje, upepo ukiwa mgongoni, juu ya gazeti lililoloweshwa. Wenye mashine za pipa zinazofyonza maji na vumbi wawe waangalifu zaidi: chujio la vumbi huondolewa wakati wa kufyonza maji, halafu husahaulika rafuni, na mashine ikaendelea kufyonza vumbi kavu chujio likiwa halipo. Usifyonze majivu ya jiko, kwani kaa dogo lililo hai laweza kuwasha moto ndani ya mfuko. Usifyonze unga wa saruji wala wa kukata vigae kwa mashine ya nyumbani. Kazi hiyo ina mashine zake.

Kama mfuko wa fedha hauruhusu chujio jipya sasa, maji bado ni msaidizi mwaminifu. Wazee wetu hunyunyiza uani kabla ya kushika fagio, na hawakosei. Sakafu ya saruji au vigae ipigwe deki, vitu vipanguswe kwa kitambaa kibichi, na zulia litolewe juani. Ukilazimika kuwasha mashine inayovuja, fungua madirisha, na mwenye pumu akae nje kwa muda hata baada ya kazi kwisha.

Mwajiri, mkumbuke dada wa kazi. Yeye ndiye anayesimama karibu na hewa hiyo, na ndiye anayemwaga tangi. Mpe barakoa nzuri, mfundishe kubadilisha mfuko, na akikwambia kuwa mashine inatoa vumbi, msikilize. Ni haki hiyohiyo tunayoitaka kwa mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba.

Kamati za misikiti, makanisa na shule za chekechea, mnasafisha mahali ambapo watu husujudu, uso ukigusa zulia, na watoto huketi na kutambaa. Mkichanga fedha za mashine, tengeni na fungu la machujio ya kila mwaka. Pangeni usafi ufanyike saa kadhaa kabla ya watu kuja, ikiwezekana usiku uliotangulia, badala ya kufyonza zulia waumini wakiwa wanatawadha kwa ajili ya Ijumaa.

Wafanyabiashara, leteni vipuri pamoja na mashine. Mteja asiyepata chujio jipya hulitumia bovu, au huliondoa. Nanyi mafundi, mashine ikipoteza nguvu, msimtolee mwenyewe chujio ili ivute vizuri. Chujio la kabla ya mota hulinda mota pia, na kulitoa ni kuiua mashine pole pole. Tafuteni palipoziba, badilisheni mpira uliochoka, kisha mulikeni tochi mbele ya mteja kabla hajalipa.

Mwisho ni mashirika ya viwango: TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya, UNBS ya Uganda, ZBS ya Zanzibar, na wanaooanisha viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunaomba boksi la kila mashine ya kufyonza vumbi liseme wazi, kwa Kiswahili, daraja la chujio na kiasi cha vumbi kinachorudi hewani. Tunaomba kipimo kifanywe mashine ikiwa na vumbi ndani, kama tunavyoitumia. Na anayeandika HEPA juu ya sponji achukuliwe kama yeyote anayemdanganya mnunuzi.

Haya yote hayatusubirishi teknolojia mpya. Karatasi inayonasa chembe hizo imekuwapo tangu miaka ya 1940, na mpira wa kuziba ni kitu kidogo. Kinachokosekana ni wateja wanaouliza. Basi tuulize, na tukipanga bajeti ya kusafisha nyumba, fedha ya kwanza iende kwenye chujio na mpira wake. Mota yenye nguvu ije baadaye.