Bima ya Mwanafunzi Ifuate Usajili wa Chuo

Nchini Oman haki ya kutibiwa imesimama juu ya nguzo mbili, uraia na ajira, na mwanafunzi wa chuo anayeishi Muscat bila ya moja wala nyingine hana pa kuegemea. Raia hutibiwa katika vituo vya Wizara ya Afya kwa malipo madogo tu. Asiye raia hulipia, na mara nyingi huishia katika hospitali binafsi, ambako asiye na bima hutajiwa bei ya kila kipimo kabla ya kuchomwa sindano ya damu. Mwaka 2019 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo mwaka 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Huduma za Fedha, ilitoa mkataba mmoja wa bima ya afya, yaani hati inayoweka kiwango cha chini cha huduma ambacho kampuni yoyote ya bima hairuhusiwi kukipunguza. Mpango wenyewe ukaitwa Dhamani, jina lisilohitaji tafsiri kwa Mswahili anayelijua neno dhamana. Hata hivyo, uliwalenga hasa wafanyakazi wa sekta binafsi na wageni wanaozuru nchi, si wanafunzi.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi miongoni mwa Waswahili wa Muscat, ambako watoto wa ndugu wawili, mmoja akiwa raia na mwenziwe akiwa na pasipoti ya Tanzania, huweza kusoma darasa moja na kula sinia moja, lakini wakifika kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali na kutoa bataka, yaani kitambulisho cha uraia au cha ukaazi, huelekezwa njia mbili tofauti. Yule asiye raia, kama baba yake ameajiriwa, huenda amo katika bima ya baba. Njia hiyo ya kwanza ni nzuri maadamu mkataba wa kazi wa baba upo. Mkataba ukivunjika katikati ya muhula, kijana hupoteza matibabu kwa jambo lisilohusiana kabisa na masomo yake.

Njia ya pili ni kila mwanafunzi kujinunulia bima. Udhaifu wake umo katika hesabu za bima zenyewe: vijana wazima huona hawana haja nayo, wanaojiunga huwa ni wale wanaojijua kuwa ni wagonjwa, fedha za matibabu huzidi michango, na ada hupanda hadi kuwashinda hata hao waliobaki. Tanzania imelipitia jambo hili. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulitoza shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa chuo na kiasi hicho hicho kwa Toto Afya Kadi, bima ya watoto, lakini mwanafunzi alijiunga pamoja na wenzake kupitia chuo, ilhali mtoto aliandikishwa na mzazi mmoja mmoja, mara nyingi akiwa tayari mgonjwa. Mwaka 2023 ni usajili wa mtoto mmoja mmoja uliositishwa, wazazi wakatakiwa kupitia shule.

Kwa hiyo njia ya tatu, ya chuo kuwakatia bima ya pamoja wanafunzi wote wasio na kinga nyingine na kuijumuisha katika ada ya usajili, ndiyo yenye mashiko. Hoja kwamba itaongeza gharama ya masomo ni ya kweli na haifai kupuuzwa, ila gharama inayogawanywa kwa mamia ya vijana wenye afya ni nyepesi kuliko bili moja ya upasuaji inayoiangukia familia moja, na mwenye bima ya mzazi anaweza kusamehewa kwa kuonyesha hati yake.

Yaliyomo ndani ya bima hiyo ni muhimu kuliko bei yake. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, umeenea Oman kama ulivyoenea pwani ya Afrika Mashariki, na anayeugua huweza kushikwa na maumivu makali ya mifupa wiki ya mitihani, akalazwa siku kadhaa, kisha akalazwa tena muhula huo huo. Bima yenye kikomo kidogo cha matibabu, au inayoyatenga maradhi ya tangu kuzaliwa, itamwacha huyo kwanza. Muda nao uhesabiwe kwa miezi 12, likizo ya kiangazi ikiwemo, na uongezwe miezi michache baada ya mahafali, wakati kijana si mwanafunzi tena na bado hajapata mwajiri wa kumkatia bima.